Diski Uliyoifunga kwenye Kitenge

Mwanga, Kigoma
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Esperansi,

Salamu tulishapeana asubuhi. Ulisema shikamoo, nikaitika marahaba bila kuinua macho kwenye mashine ya fotokopi, ukadhani nimebanwa na kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Karatasi niliyokuwa natoa kopi ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Sasa umeenda Ujiji kumuaga shangazi yako, na kwa shangazi yako mgeni haachiwi kabla hajala mara mbili, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo. Umeme umekatika tangu saa sita, naandika kwa mkono. Utanivumilia mwandiko.

Sitakuandikia habari za kubeba sweta, wala za kugawa nauli mifuko miwili, wala za kukataa soda ya mtu usiyemjua. Hayo Mama Rehema ameshakuambia mara sita, na ya saba atakuambia ukiwa umeshapanda gari. Mimi nina neno moja, na nalisema hapa juu kabisa ili nisipate mwanya wa kulizungukazunguka.

Ile diski uliyoifunga kwenye kitenge na kuiweka katikati ya nguo zako haina picha za mama yako mzazi. Haijawahi kuwa nazo hata siku moja. Niliitoa kwenye kompyuta mbovu iliyokuwa uvunguni, nikakupa, nikakuambia umeme ndio ulioiunguza. Umeme haukuunguza kitu. Picha za mama yako nilizifuta mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi.

Nilidhani nikishaandika maneno hayo nitalia. Sikulia. Nimenyanyuka, nimefunga dirisha, nimerudi kukaa. Moyo umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Najua ni wangu lakini siusikii. Nakuambia hivi ili usije ukasoma barua hii na kushangaa mbona mzee anaeleza kama anayesoma bei za bidhaa. Ndivyo nilivyo leo, na nimekuwa hivi wiki nzima.

Kesho gari litakupeleka kambini, huko mtaungana na wenzako wanaorudi Burundi, na baada ya siku chache utakuwa Rumonge kwa mama yako mkubwa. Nilikusikia ukiongea naye kwenye simu. Ulimwambia kuna fundi Bujumbura anayefungua hata diski iliyokufa, kwamba umeweka akiba ya kusuka nywele kwa ajili hiyo, na kwamba mtakwenda wote wawili. Nilimsikia na yeye akilia, maana simu yako ina sauti kubwa kuliko redio. Yule mwanamke hana picha hata moja ya mdogo wake. Sitaki mkakae kwenye benchi la fundi, wewe na yeye, mkisubiri kitu ambacho hakimo. Hilo tu ndilo lililonikalisha hapa leo. Kama asingelia ningeweza kukuacha uende, na hilo pia ujue.

Nirudi nyuma, maana ulikuwa na miaka saba na mengi hukuyaona.

Mama yako alifika dukani mwaka ule mlipovuka, watu walipokuwa wanashuka bandarini kwa maelfu na uwanja wa mpira umejaa mahema. Nyinyi mlishapelekwa kambini, ila yeye figo zilimsumbua, akapewa kibali cha kuja kutibiwa hospitali ya hapa mjini. Kwa mkono wa kulia alikushika wewe, na kwa wa kushoto alishika mfuko wa rambo.

"Shikamoo, Mzee," akasema. "Ni hizi tu zilibakia. Zilinywa maji ya ziwa."

"Marahaba, mama. Ziko ngapi?"

"Zilikuwa tano. Sasa ni moja nene."

Akacheka mwenyewe. Mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Ndani ya mfuko mlikuwa na picha tano zilizoshikana zikawa kitu kimoja kama chapati zilizolala. Mlikuwa mmenyeshewa na kupigwa mawimbi kwenye boti mpaka Kagunga, na tangu hapo hakuthubutu kuzibandua.

Kazi ile niliifanya vizuri, hilo naweza kusema bila aibu. Nilizilowesha kwenye beseni la Mama Rehema, maji safi, nikazitenganisha kwa wembe polepole muda wa saa tatu. Mama yako alisimama nyuma yangu akisema, "Buhoro, Mzee, buhoro," yaani taratibu. Mbili ziliyeyuka zikawa uji. Tatu zilitoka. Rangi ilikuwa imeanza kukimbia, kwa hiyo tuliziskani palepale zikiwa bado mbichi, na vizuri tulifanya, kwa sababu baada ya wiki karatasi zenyewe zilikuwa zimeoza. Mama Rehema ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Nilimsikia akimuuliza mama yako jina, akamjibu, akaandika. Mimi nilikuwa nimeinamia beseni.

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi kwa kuwa Rehema wetu alishaolewa Tabora, na hospitali ilimtaka mama yako arudi kila baada ya siku chache. Mama Rehema akasema wakae hapa. Mlikaa miezi saba. Mama yako alikuwa anachambua mchele wetu bila kuombwa, anacheka tunavyokaanga samaki wa migebuka mpaka wanakauka, ananisahihisha nikijidai nazungumza Kirundi. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mdogo wake, na katika miezi saba hiyo sikuwahi kumwita jina lake. Nilimwita Mama Espe. Dukani, jikoni, hospitalini, wote tulimwita Mama Espe. Kwetu sisi, mwanamke akishazaa, kumwita jina alilopewa na wazazi wake ni kumkosea heshima, labda uwe umezaliwa naye. Mke wangu mwenyewe kwangu ni Mama Rehema, na nikimwita vinginevyo atauliza ni nani amekufa.

Heshima ile ilinipa ruhusa ya kutomjua. Sikuuliza jina, na hakuna aliyeona kwamba sijauliza. Alipofariki, parokia walimzika na msalaba ukaandikwa. Nilisimama mbele ya msalaba ule na jina lilikuwepo. Nikalisoma bila kulisoma, likapita. Ustawi wa jamii walinipa karatasi za kukulea. Jina lake lilikuwepo pale pia, na mimi nilitia sahihi chini yake.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Huku kwetu mtoto hubeba jina la baba yake na la babu yake, ukikuta jina moja unavuta kamba unampata na mwingine. Kwenu kila mtu hupewa lake. Wewe Ndayishimiye, mama yako lingine, baba yako lingine kabisa. Nilikuwa najua hivyo, wateja wa kambini nimewahudumia miaka. Ila kujua kitu cha wateja na kukiweka ndani ya nyumba yako ni mambo mawili.

Sasa nije kwenye kile kiboksi cheusi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunahangaika. Picha nyingine kompyuta ya dukani, nyingine ya nyumbani, nyingine kwenye flashi zinazozurura, na kila flashi ya mteja ina virusi vyake. Harusi ya yule mwalimu wa Kidahwe iligeuka alama tupu, ukibofya hakuna kitu, na mwalimu akakaa dukani siku nzima. Nikasema basi. Vitu vyote vikae mahali pamoja, na kompyuta zote, ya duka na ya nyumba, na simu zenu, zivichukue hapo kupitia rauta. Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikaa mezani watu watatu kuamua, na ulichora kwenye daftari la hesabu: nyumba, duka, ukuta katikati, na waya unapita juu ya mlango.

Mama Rehema alitaka njia rahisi. Diski moja ya nje, eksteno, ichomekwe nyuma ya rauta ifanye kazi. Ya pili inunuliwe, ijazwe kila Ijumaa, ichomolewe na kulala kabatini kwenye vitenge vyake.

"Diski si nguo za sikukuu," nikamwambia.

"Na zisizovaliwa kila siku ndizo hazichakai," akanijibu.

Wewe ulitaka ile kompyuta ya zamani tuiweke pembeni iwe ghala la wote, kwa sababu ulitaka kuiunganisha mwenyewe. Nikasema itakula umeme wangu wote wa Luku. Mimi nilishaamua kabla ya kukaa. Fundi mmoja wa Dar alinieleza kwa simu kuhusu kiboksi chenye diski mbili ndani, kinachoandika kila kitu mara mbili, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi, hata hujui. Kilikuwa ghali. Ila kilikuwa na taa nne za kijani zinazomemeta, na nilishachagua kwa macho yangu rafu ambayo wateja wangeziona. Nakiri hapa, mwanangu, kwamba nilipenda zile taa.

Uliinua kichwa kwenye daftari, ukauliza, "Baba, nikifuta kitu kwenye diski moja, kwenye nyingine kinabaki?"

Nikakujibu, "Kiboksi hata hatujanunua, wewe umeshaanza kufuta?"

Mama Rehema akacheka, na wewe ukacheka, ukarudi kuchora. Kuuliza si ujinga, tunaandika hivyo kwenye kuta za shule, na mimi nilikuwa nalo hilo bango hapo dukani, nilishaliprinti mara kumi. Sikujua jibu. Ndiyo maana nilitania. Nimejichunguza sana miaka hii nikaona kwamba mzaha wangu huwa mkali zaidi pale nisipojua kitu, na watu wa nyumbani kwangu wamezoea kucheka badala ya kuuliza mara ya pili. Ukinikumbuka kwa utani, kumbuka na hilo. Na ukijikuta wewe mwenyewe unamchekesha mtu aliyekuuliza, jiulize kwanza kama jibu unalo.

Kiboksi kilipofika Mama Rehema alisema tena, "Baba Rehema, si uweke nywila, ili mtu asifute hivihivi?" Nikamwambia siwezi kubisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Hiyo nayo ilichekesha.

Kilifanya kazi vizuri miaka miwili na taa zilimemeta. Kisha ikaja ile harusi ya mfanyabiashara wa soko la Mwanga, kamera tatu, video ndefu mpaka basi, na kiboksi kikaonyesha mstari mwekundu, kimejaa. Ulikuwa shule. Mama Rehema alikuwa msibani Mwamgongo na boti ya kurudi ilikuwa kesho yake. Nilimimina chai nikakaa kusafisha. Kufungua folda moja moja kungenichukua siku mbili, na video ilitakiwa Jumamosi. Nikaenda kwa majina. Rehema, baki. Ukoo wa Ujiji, baki. Espe, baki, nikafungua hata nikatazama ile uliyopiga na kombe la riadha. Wateja ninaowajua, baki. Majina nisiyoyajua, ya miaka ya nyuma, nikayawekea alama yaende.

Nibigira. Nikasema huyu ni mteja wa kambini, alishaondoka zamani.

Mashine iliuliza vizuri tu: una hakika? Nikajibu ndiyo. Na kitu kinachofutwa kupitia mtandao hakipiti kwenye pipa la taka ukakiokote kesho, kinaondoka palepale. Zile diski mbili zilitii pamoja, kwa dakika ileile. Hiyo ndiyo kazi zilizonunuliwa kufanya. Zilikuwa zinanilinda na kufa kwa diski, na hazikuwa na habari kwamba hatari ya nyumba ile ni mimi. Nilimaliza chai, nikaweka video ya harusi, ikaenea.

Ilipita kama miezi miwili. Ukaja siku moja baada ya shule, ukaniambia mnamsomea mama yako misa, na Padri amesema mnaweza kuweka picha yake mbele. Ukaniomba ile aliyovaa mavazi ya kwao, kubwa, ya fremu. Nikakuambia kesho. Nikatafuta Espe, hamna. Nikatafuta Mama Espe, hamna. Nikatafuta Ndayishimiye, nikapata fomu zako za shule. Nikamwita Mama Rehema.

"Umetafuta kwa jina gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Tafuta Nibigira."

"Nibigira ni nani?"

Alinitazama, na mimi nilikuwa nimeshika kipanya cha kompyuta, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Ni mama wa mtoto, Baba Rehema," akasema. "Ameishi humu ndani miezi saba."

Hajawahi kunipigia kelele kuhusu jambo hili, wala siku ile. Alisema tu, "Utamwambia mwenyewe. Mimi simo." Na kweli hakuwemo. Kama umewahi kumwona anatoka chumbani tukianza kuongelea ile diski, sababu ndiyo hiyo. Alinikumbusha mara mbili, kisha akaacha kunikumbusha, na kuacha kwake kuliniuma zaidi.

Wiki ile umeme ulikuwa unakuja na kukatika, televisheni ya jirani ikaungua. Nikaona njia. Nikaingia uvunguni, nikafungua kompyuta mbovu, nikatoa diski, nikaja nayo nimeishika kwa mikono miwili. Nikakuambia, "Picha za mama yako zilikuwa humu. Umeme umeiua, mwanangu. Pole." Wewe ukanipa pole mimi. Ukasema, "Usijali, Baba, si kosa lako." Misa ikasomwa bila picha. Ukaweka mshumaa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka mitatu, nadhani kwa sababu ulinisindikiza. Ulianza kusoma kwenye simu namna diski inavyofanya kazi. Uliipeleka kwa fundi wa stendi, akaiweka sikioni akasema inagonga ndani, imekufa. Ulijifunza kuunganisha mitandao ya watu, ukafunga ya zahanati, ukafunga ya parokia, na ukapata cheti, na watu wakanipongeza mtaani kwamba nimelea. Kila nilipopongezwa nilijua umeanzia wapi. Ulikuwa unajifunza kufungua kitu kitupu nilichokupa mimi. Ningekuambia mwaka wa kwanza ungelia mwezi mmoja. Nilisubiri mpaka umejenga juu yake.

Na kuna hili, la mwisho katika ubaya, kisha nitakuwa nimemaliza. Mwaka jana nilimwuliza fundi mmoja aliyepita kutoka Mwanza, kwa kuficha, nikajifanya ni rafiki yangu. Akasema, "Mzee, rafiki yako angezima mashine palepale na asiandike kitu kingine juu yake, picha zingeweza kupatikana." Nilikuwa nimeandika harusi nzima juu yake. Na baada ya kujua kwamba nimefuta, ile jioni Mama Rehema aliponiambia jina, bado nafasi ingekuwepo, hata ndogo, kama ningekuita wewe badala ya kuingia uvunguni. Wewe wa miaka kumi na tano ungejua la kufanya kuliko mimi. Nilichagua kuficha, na wiki iliyofuata nikaweka kipaimara cha watu na mahafali mawili.

Sasa hivi vitu vya nyumba hii vinakaa anavyotaka Mama Rehema. Kiboksi kinafanya kazi, eksteno inajazwa Ijumaa na kuchomolewa, na nyingine iko Ujiji kwa shangazi yako, haijui kinachotokea huku. Kufuta kuna nywila, na nywila anayo yeye. Umeona mabadiliko hayo ukadhani nimekuwa mwangalifu kwa sababu ya uzee. Utakapokuwa na nyumba yako na waya zako utachagua mwenyewe, unajua kuliko mimi, sikufundishi. Ninachokuomba ni kidogo: vya watu wako weka mahali ambapo kosa lako wewe haliwezi kufika. Niliogopa umeme, wezi, virusi, panya wa darini. Sikujiogopa mimi.

Na folda naandika majina kamili. Mtu akija kuskani picha namwuliza jina lake, la mama yake, na mahali alipotoka. Wengine wananishangaa, picha nne za pasipoti tu na mahojiano yote hayo. Naandika tu.

Nataka kukupa nilichobaki nacho, na ni kidogo. Zilikuwa picha tatu. Ya kwanza ni mama yako kijana, mbele ya nyumba ya matofali, amevaa mavazi ya sherehe ya kwenu, kitambaa kimefungwa juu ya bega moja. Sikumbuki rangi, maji yalishaigeuza yote kuwa ya chai. Ya pili ni mwanamume na baiskeli, amemkalisha mtoto mchanga kwenye mtaimbo na kumshika kwa mkono mmoja. Sikuuliza ni nani, lakini mtoto nadhani ni wewe. Ya tatu ni wasichana wawili wamekaa kwenye mkeka, wanafanana, na mmoja amefumba macho kamera ilipopiga. Mmoja ni mama yako, mwingine ni mama yako mkubwa. Yupi ni yupi sijui. Saa tatu nzima nilizishika picha zile na nilikuwa natazama karatasi, sikuwa natazama watu. Mwulize yeye. Atakuwa anakumbuka siku ile na nani alifumba macho, na utakuwa umepata kitu ambacho mimi sikuwa nacho hata kabla sijafuta.

Akikuuliza picha zimekwenda wapi, usimwambie mashine iliharibika. Usinistiri. Najua utataka kunistiri, ndivyo ulivyo, ulinipa pole nikiwa nimeshika uongo mkononi. Mwambie baba aliyekulea alizifuta kwa sababu aliona jina la mdogo wake akadhani ni mtu baki. Kwa Kirundi utajua utakavyosema. Atanichukia, ana haki.

Diski sijaitoa kwenye mizigo yako. Nilifungua begi jana ulipokuwa unaoga, nikaigusa juu ya kitenge, nikafunga. Nimekuondolea vya kutosha bila kukuuliza. Kuibeba au kuiacha utaamua wewe.

Nilitaka barua hii niichomeke kwenye begi uikute Rumonge, nikiwa mbali, na mpaka kati yetu. Mama Rehema ameingia sasa hivi kuchukua kiberiti, ameona karatasi. Alipofika mlangoni akasema, "Mpe akiwa hapa." Kwa hiyo nitakupa kesho asubuhi kabla ya chai. Nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka umalize kurasa zote, na sitasema utani.

Gari litapiga honi. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, ondoka, mimi nitabeba begi mpaka barabarani. Ukitaka kupiga simu baada ya mwaka, piga. Na ukiona neno Baba halitoki tena mdomoni, usijilazimishe kwa sababu ya heshima. Niite jina langu. Unalijua, umelijua tangu wiki ya kwanza, ulimwuliza Mama Rehema.

Athumani Bilali Songoro